Kiti Kilichotandikwa Blanketi

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Mzee Waino Pelkola kilikuwa kiti cha abiria cha gari lake. Alikuwa amesahau miwani juu ya meza ya maktaba ninakofanya kazi, nami nikatoka mbio kumfuata kabla hajaondoka. Kupitia dirisha lililo wazi niliona gari ambalo lingemtia aibu mtu mwingine yeyote: viatu vya mpira vyenye matope, ramani zilizokunjwa ovyo, stendi ya kamera ya miguu mitatu, magazeti ya mwaka juzi, na makombo ya mkate kila mahali. Lakini kiti cha kando yake kilikuwa safi kama altare. Kilikuwa kimepigwa brashi, na juu yake lilitandikwa blanketi la sufu la bluu, limekunjwa mraba, pembe juu ya pembe.

"Unakwenda kumchukua mtu?" nilimuuliza huku nikimpa miwani.

"Hapana," alisema. Kisha, kana kwamba jibu hilo lilikuwa na upungufu, akaongeza, "Si leo."

Tangu siku hiyo nililitazama gari lile kila lilipopita. Kiangazi kizima blanketi lilikuwa pale pale, na sikuona hata mara moja mtu amelikalia.

Watu wa Harjula hatuulizani maswali ya namna hiyo mara mbili. Mababu zetu walitoka Ufini kuja kuchimba shaba kwenye ufuko huu wa Ziwa Superior, huku kaskazini kabisa mwa Michigan, na shaba ilipokwisha walituachia sauna za kuogea mvuke, mkate wa iliki na kimya kirefu. Niliyoyajua kuhusu Mzee Waino niliyapata kidogo kidogo, alipokuja maktaba kutazama ramani na kuchapa picha zake.

Aliendesha greda la wilaya la kuondoa theluji barabarani kwa zaidi ya miaka thelathini. Theluji ilipoanza, na kwetu ikianza huendelea mpaka watu wasahau rangi ya nyasi, yeye alitoka nyumbani wakati wengine wamelala na kurudi wakati wengine wamekwenda kazini. Ndani ya greda alikuwa peke yake na redio ya upepo. Kila baada ya muda sauti ya mtu wa zamu ilikwaruza, "Pelkola, upo?" Naye alijibu, "Nipo." "Barabara ya ziwani?" "Inapitika." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya siku nzima, na aliniambia kuwa tangu astaafu hakuna anachokitamani zaidi ya hayo.

"Hakuna anayeniuliza kama nipo," alisema huku akifuta lenzi. Kisha akacheka kidogo, nisije nikadhani analalamika.

Kazi ile ilimfundisha jambo moja juu yetu. Ukikuta gari limetumbukia mtaroni, theluji imefika milangoni, ukamuuliza dereva kama anahitaji msaada, atakwambia hapana, yuko salama, amepumzika tu. Atakwambia hivyo hata midomo yake ikiwa imegeuka bluu. Kwa hiyo Mzee Waino hakuwa na desturi ya kuuliza. Alishuka na mnyororo akasema, "Hebu nishikie hapa, bwana, mikono yangu miwili haitoshi." Dereva alitoka mara moja, maana kwetu mtu anaweza kukataa msaada, lakini kazi hawezi kuikataa.

Hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama huyo alipofariki, na tangu hapo amekuwa akiwasha sauna kila Jumamosi kama kawaida. Kuni za sauna ya mtu mmoja, aliniambia, ni zile zile za sauna ya watu watano. Kamera aliinunua alipostaafu. Alipenda kupiga picha za maporomoko ya maji wakati majani yanapogeuka rangi. Huliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu, maji yakatoka meupe na laini kama sufu iliyochambuliwa, na miti ya mepo, ile tunayoigema utomvu na kuupika uwe mzito kama asali, ikawaka nyuma yake kwa rangi nyekundu na ya machungwa.

Msimu wa baridi uliopita tulizitundika picha hizo kwenye korido ya maktaba. Watu walikuja, na kahawa ilikuwepo. Onni Tervo, mkata magogo wa zamani ambaye ulimi wake haujawahi kustaafu, alizipitia zote akiwa ameweka mikono nyuma kama mkaguzi.

"Waino bwana," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "hizi ulizipiga siku ya tatu ya uumbaji? Maji naona. Miti naona. Adamu bado hajaja?"

Watu walicheka. Mzee Waino naye alicheka, akitazama viatu vyake.

Bi Saima Keranen hakucheka. Alikuwa mpishi wa shule miaka mingi, mjane, na siku hizi huoka mikate ya iliki jikoni mwa duka la ushirika. Alikuwa amesimama mbele ya picha moja tu, ile ya Maporomoko ya Hilma, tangu alipovua koti.

"Haya ni makubwa kiasi gani, Waino?" aliuliza. "Kama sufuria inayofurika, au kama mnara wa kanisa?"

"Kati ya hapo."

"Kati ya sufuria na kanisa pana nafasi, bwana." Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaisogelea picha. "Ungemweka mtu pale kwenye jiwe, tungejua."

"Sikuwa na mtu," alisema Mzee Waino.

Alisema kama muuza duka anayekwambia sukari imekwisha, bila uchungu wowote. Hata hivyo watu walianza kutazama vikombe vyao, mpaka mtu mmoja alipouliza kama kahawa bado ipo. Nadhani kiti kile kilipigwa brashi wiki hiyo hiyo.

Mwezi wa nane zikaja habari kwamba Bi Saima anahama. Binti yake anayeishi Minneapolis alikuwa amechoka kusikia habari za goti la mama yake na ngazi zenye barafu. Nyumba ilikwisha kupata mnunuzi. Angeondoka majani yakishapukutika, kabla ya theluji ya kwanza.

Tangu siku hiyo Mzee Waino alikuja maktaba kila siku na ramani zake, akazitandaza juu ya meza kubwa ya dirishani na kupanga safari ya vuli kama jemadari anayepanga vita.

"Kosa la watu wa mjini ni kufikiri majani huiva yote pamoja, kama ndizi za mkungu mmoja," alinieleza, penseli ikitembea juu ya karatasi. "Huanza huku juu, bara, ambako baridi hufika mapema. Ziwa nalo hutunza joto la kiangazi, kwa hiyo ufukweni huchelewa. Maji ya maporomoko yanataka mvua, lakini mvua ikiwa na upepo inayaangusha majani. Halafu unataka mawingu. Jua kali huyaunguza maji pichani, yakawa doa jeupe tu."

"Kwa hiyo unahitaji mvua isiyo na upepo, baridi isiyo kali na mchana usio na jua?"

"Na barabara ya udongo isiyo na tope," alisema. "Mara nyingi hupati hata kimoja. Ukivipata vyote ni siku mbili, labda tatu, kisha upepo wa kaskazini-magharibi unafagia msitu mzima."

Alipanga aondoke alfajiri, aanze na maporomoko madogo ya bara, ashuke na mto hadi Maporomoko ya Hilma wakati wa mchana, amalizie ufukweni. Niliona kwamba mahali pa kula alipaweka karibu na barabara, pasipo na mlima. Yeye mwenyewe ana magoti mazima kama ya paa. Sikumwuliza.

Sasa, mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo kama kila mtoto wa Harjula anavyofundishwa. Ukikaribishwa kahawa, kataa. Ukikaribishwa tena, kataa kwa upole zaidi. Mara ya tatu sema, "Basi, nusu kikombe," kisha unywe viwili. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu amekataa kweli, na kumkaribisha tena ni kumsumbua.

Katikati ya mwezi wa tisa Mzee Waino alikuja maktaba, akaketi, lakini hakufungua ramani.

"Nimemkaribisha Saima twende pamoja," alisema. "Amekataa."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Mara ya kwanza posta. Nilimwambia mwaka huu mvua zimekuwa nzuri, maporomoko yatajaa, mtu angeweza kwenda kuyaona. Akasema waende wenye muda. Mara ya pili kanisani, wakati wa kahawa, nikamwambia gari langu lina nafasi. Akasema niijaze na kamera, yeye na goti lake ni mzigo. Jana dukani nikamwambia kile kiti bado kipo. Akasema ana masanduku ya kufunga, niende tu." Alizikusanya penseli zake moja moja. "Basi. Mtu mzima akishakataa mara tatu unamwachia heshima yake. Nitakwenda mwenyewe. Maji hayajali nani kaja."

Kesho yake Bi Saima alikuja kurudisha vitabu. Aliviweka mezani kwa kishindo.

"Huyo Pelkola anaumwa?"

"Kwa nini, Bi Saima?"

"Kanikaribisha safari mara mbili, halafu kanyamaza kimya. Mbili! Hata paka huitwa mara tatu aje kula."

"Mara mbili?" nilisema. "Na ile ya posta?"

"Posta? Posta alikuwa anazungumzia mvua."

Nadhani uso wangu ulisema mengi, kwa sababu alininyooshea kidole kile kile kilichokuwa kikitunyooshea sisi watoto kwenye foleni ya chakula. "Na wewe usithubutu kwenda kumwambia. Sitaki kukaa kwenye gari la mtu kama furushi lililosukumwa ndani. Kama anataka, anajua ninapooka mikate." Kisha, akifunga kitambaa chake kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Miaka yote hii nimeishi hapa sijawahi kuona Hilma majani yakiwa yameiva. Mume wangu alikuwa mtu wa kuwinda. Msituni alikwenda na bunduki, si na mimi."

Nilinyamaza, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Kila asubuhi nilimwona Mzee Waino akipita na kiti chake kitupu, na kila jioni nilimwona Bi Saima akitoka duka la ushirika, akitazama barabara upande huu na upande ule kuliko inavyohitajika kwa mtu anayevuka.

Jumamosi nilipita karibu na nyumba ya Mzee Waino. Moshi wa sauna ulikuwa unapanda wima juu ya miti. Alikuwa ameketi nje kwenye benchi, taulo mabegani, mvuke ukimtoka mwilini katika hewa ya baridi, anatazama uwanja wake usio na mtu. Aliniona, akapunga mkono, akaniambia nisubiri. Aliingia ndani akarudi na picha.

"Nimejaribu kujiweka mwenyewe," alisema. "Nilikwenda pale karibu tu, nyuma ya shamba la Tervo. Kamera ina saa yake. Unabonyeza, unakimbia."

Maji yalikuwa mazuri. Miti ilikuwa imeanza kuiva. Juu ya jiwe, mahali pa mtu, palikuwa na ukungu uliovaa kofia.

"Inataka mtu atulie kabisa muda wote jicho liko wazi," alisema. "Mimi nilikuwa nahema."

Tulikitazama kile kivuli pamoja. Nilitaka kumwambia hesabu yake si sahihi. Nilihisi mdomo wangu ukifunguka, nikakumbuka kile kidole, nikasema picha ina rangi nzuri.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya mwezi mvua ilinyesha mchana kutwa bila upepo. Jumatano mawingu yalishuka hadi juu ya paa. Mti wa mepo ulio mbele ya posta ulikuwa umewaka wote, kuanzia kileleni hadi tawi la chini. Redio ikatangaza kwamba upepo mkali wa kaskazini-magharibi ungefika usiku wa Alhamisi. Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi, au basi.

Mchana wa Jumatano hiyo Onni Tervo alirudisha gari lake nyuma kwa majivuno kwenye kiwanja kilicho kati ya maktaba na duka la ushirika, magurudumu yakazama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Alikanyaga mafuta. Tope liliruka hadi kwenye madirisha yetu. Mzee Waino aliinuka kutoka kwenye ramani zake, akatoka, nami nikatoka nyuma yake. Bi Saima alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka, aproni ina unga, pamoja na wateja wawili waliokuja kufurahia.

"Usijisumbue, Waino!" Onni alipaza sauti kupitia dirishani. "Niko sawa kabisa."

"Naona," alisema Mzee Waino.

"Nimeegesha tu."

"Umeegesha kwa kina," alisema Bi Saima kutoka mlangoni, na wateja wakaangua kicheko.

Mzee Waino alikuwa amekwisha kufungua nyuma ya gari lake. Alitoa mnyororo, akafunga upande mmoja, akausogeza ule mwingine dirishani kwa Onni. "Hebu shuka unishikie hapa, bwana. Mikono yangu miwili haitoshi."

"Ah, sasa hiyo ni kazi," alisema Onni, akashuka papo hapo, tope likammeza hadi kwenye vifundo.

Nilikuwa ninamtazama Mzee Waino wakati huo. Alisimama ghafla na mnyororo mkononi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Aliutazama mnyororo. Alimtazama Onni aliyekuwa amejipinda kwa utii. Kisha akageuka polepole kuelekea mlango wa duka la ushirika.

"Saima," alisema.

"Nasikia."

"Kesho ninakwenda kupiga picha kule Hilma." Aliushusha mnyororo. "Nahitaji mtu wa kusimama kwenye jiwe."

Wateja wakaacha kucheka. Hata Onni alinyamaza, jambo ambalo huenda halijatokea tangu abatizwe.

"Kusimama tu?" aliuliza Bi Saima.

"Kusimama tu. Bila kutikisika. Mpaka jicho lifunge." Alifikiri kidogo, akaongeza kwa uaminifu, "Ni kazi ya baridi."

"Na mtu huyo atavaa nini?"

"Kitu chekundu kitapotea kati ya majani. Bluu ingefaa."

Bi Saima alijipangusa unga kwenye aproni, upande mmoja wa mkono kisha wa pili.

"Ungesema tangu mwanzo kwamba ni kazi," alisema. "Saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Nitafunga pasti, zile za nyama na viazi. Nne. Wewe unakula mbili, najua, nilikulisha shuleni kwenye mikutano ya wilaya." Akageuka kuingia ndani, kisha akarudisha kichwa. "Na wewe mwenye gari uliyeegesha kwa kina, acha kushika mnyororo kama bibi harusi anayeshika maua. Vuta!"

Onni akavuta. Gari likatoka. Alipopita karibu na Mzee Waino alimpiga bega kwa mkono wenye tope na kusema, "Kwa hiyo Adamu hatukumpata, lakini Hawa kapatikana." Mzee Waino hakutazama viatu vyake safari hii. Aliyatazama mawingu.

Jioni alipiga simu maktaba kuuliza kama redio imebadilisha habari ya upepo. Haikubadilisha. Kabla sijafunga maktaba alipiga tena. Nilimwambia upepo bado uko mbali, upande wa pili wa ziwa.

"Wiki ijayo lori la kubeba masanduku yake linakuja," alisema, bila kuulizwa.

"Najua, Mzee."

"Picha moja inatosha," alisema. "Yenye mtu."

Asubuhi hii niliamka mapema kuliko ilivyonipasa, nikapitia njia ndefu ya kwenda kazini. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Miti yote ilikuwa bado na majani yake, na hewa ilikuwa imetulia kiasi kwamba nilisikia maji ya mvua ya juzi yakikimbia mtaroni. Gari la Mzee Waino lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya Bi Saima, injini imezimwa, taa zimezimwa. Kwetu hatupigi honi mbele ya nyumba ya mtu. Alikuwa ameketi wima nyuma ya usukani, ameweka mikono juu yake, kana kwamba tayari yuko njiani. Viatu na magazeti vilikuwa vimetoweka. Blanketi lilikuwa limekunjuliwa na kutandazwa.

Jikoni taa ilikuwa inawaka. Kivuli cha Bi Saima kilipita dirishani, kikarudi, kikapita tena. Niliona amevaa koti la bluu. Kisha dirisha likasukumwa juu.

"Waino! Upo?"

Kutoka niliposimama, ng'ambo ya barabara, nilimwona akivua kofia yake na kuivaa tena.

"Nipo," alisema.

"Basi subiri, pasti zinatoka kwenye oveni."

Dirisha likashuka. Mzee Waino akainama, akausukuma mlango wa upande wa pili ukafunguka kidogo. Juu ya ziwa, mbali, mstari mweusi wa mawingu ulikuwa umeanza kupanda, lakini majani yalikuwa hayajatikisika, hata moja. Nilisimama pale nikiutazama mlango wa jikoni.